Santuri za Mzee Wetu: Tubaki na za Zamani au Tununue Chapa Mpya?

Hotuba ya Katibu wa Kwaya kwa wanakwaya na waumini, katika matayarisho ya Jubilei ya Miaka 25



 

Kamati ya Jubilei imetuomba tuwaeleze waumini jambo moja ambalo limezungumzwa sana kwenye mazoezi, kwenye ngazi za kanisa baada ya Misa, na hata ndani ya matatu tukirudi nyumbani. Ni jambo la lile sanduku la santuri. Wengi mmelisikia nusu nusu, na habari ya nusu nusu huzaa uvumi. Basi tuiseme yote, hatua kwa hatua, kama tunavyofundisha wimbo mpya: sauti moja moja kwanza, halafu pamoja.

SANDUKU NA OFA

Marehemu mzee wetu wa besi, mmoja wa wale kumi na wanne walioanzisha kwaya hii, alifanya kazi Industrial Area kwa miaka mingi kabla ya kuhamia Tassia. Wakati ule ghorofa zilikuwa za kuhesabu, na mvua ikinyesha mtu alibeba viatu mkononi hadi barabara ya Outer Ring. Kila mwisho wa mwezi alikuwa akipita River Road kununua santuri moja. Alipotutoka mwaka jana, mama mjane wake alituita akatukabidhi sanduku lenye santuri 43 pamoja na gramafoni yake. Alituambia neno moja tu: zisikae bure.

Tulipozihesabu tulipata sahani kubwa 12 za mizunguko 33, ndogo 25 za mizunguko 45, na 6 za kale kabisa za mizunguko 78. Nyingine ni za dini, nyingi ni za dansi. Wapo Daudi Kabaka na Fadhili William, ipo benga ya D.O. Misiani na Shirati Jazz, yumo Joseph Kamaru. Ipo pia Missa Luba.

Wiki tatu baadaye akaja mnunuzi. Aliziangalia moja moja kwa tochi ya simu, akatoa ofa ya shilingi 70,000 kwa sanduku lote. Hapo ndipo kwaya ikagawanyika. Vijana walisema tuuze: pesa hizo zitatosha kuongezea mchango wa kinanda kipya, na nyimbo zenyewe tunaweza kununua kwa chapa mpya, safi, zisizo na mikwaruzo. Wazee walisema kuuza zawadi ya marehemu ni mwiko. Kundi la tatu, ambalo ni kubwa kuliko yote mawili, liliuliza: hizi za zamani na hizo mpya zina tofauti gani hasa?

Swali hilo la tatu ndilo tulilopewa tulichunguze. Tulikaa nalo miezi miwili. Tulienda Kenyatta Market, ambako santuri za zamani zinauzwa katikati ya nyama choma na wasusi. Tulienda Tom Mboya Street. Tulizungumza na fundi wa Luthuli Avenue aliyetutengenezea gramafoni. Haya ndiyo tuliyoyapata.

MANENO YANAYOCHANGANYWA

Kwanza tuyatenganishe maneno, maana mkutano wetu wa kwanza ulichukua saa mbili kwa sababu kila mtu alikuwa na maana yake.

Chapa ya kwanza ni santuri iliyotoka kiwandani wakati wimbo ulipotolewa. Chapa ya marudio ni sauti ile ile, iliyoimbwa siku ile ile, ila sahani imechapwa baadaye, pengine miaka 40 baadaye, na mara nyingi na kampuni nyingine. Rekodi mpya ni wimbo ule ule ulioimbwa upya na watu wengine, au na watu wale wale siku nyingine. Kisha upo mkusanyiko, ambao huchukua nyimbo kutoka santuri nyingi na kuziweka pamoja.

Missa Luba inatupa mfano mzuri. Misa hiyo ilitayarishwa Kamina, Katanga, na Padre Guido Haazen, Mfransisko kutoka Ubelgiji, pamoja na kwaya ya wavulana wa shule na walimu wao iliyoitwa Les Troubadours du Roi Baudouin. Mwaka 1958 waliiimba, wakairekodi, na kampuni ya Philips ikaitoa kwenye santuri. Maneno ni ya Kilatini, lakini Kyrie yake inafuata mtindo wa kasala, wimbo wa maombolezo wa Waluba, na Sanctus imetokana na wimbo wa kuagana. Haya yalifanyika miaka mitano kabla ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano kutoa hati yake ya Liturujia, Desemba 1963, iliyotaka muziki wa jadi wa mataifa uheshimiwe ndani ya ibada. Ngoma tunazopiga Jumapili bila wasiwasi zina deni kwa watoto wale wa Kamina.

Mwaka 1990 Philips ilitoa Missa Luba nyingine. Hii iliimbwa na Muungano National Choir ya hapa Kenya, chini ya Boniface Mganga. Hiyo ni rekodi mpya. Mtu akikuuzia hiyo akisema ni chapa mpya ya ile ya 1958, amekuuzia kitu kingine kabisa, hata kama ni kizuri. Waimbaji ni wengine, kasi ni nyingine, na pumzi zinachukuliwa mahali pengine. Kwa kwaya yetu zote mbili zina faida, ila mtu ajue anachokinunua.

Jambo la pili tulilojifunza kwa Missa Luba ni kwamba uzee na uadimu ni vitu viwili. Santuri hiyo ilipendwa sana Ulaya na Marekani miaka ya 1960, ikachapwa tena na tena. Kwa hiyo nakala ya marehemu ni ya zamani kweli, lakini zipo nyingi duniani. Mnunuzi wetu aliishika kidogo tu akaiweka kando. Alichokishika muda mrefu ni sahani ndogo mbili za Nairobi zilizokuwa kwenye mfuko wa karatasi usio na hata picha.

KWA NINI ZA NAIROBI NDIZO ADIMU

Vijana wetu walishangaa kusikia kwamba Nairobi ilikuwa na kiwanda cha kuchapa santuri. Bendi za Tanzania zilirekodi kwao, na kanda zikaletwa hapa zichapwe, kwa sababu Tanzania haikuwa na kiwanda cha namna hiyo. Wanamuziki kutoka Kongo walihamia hapa wakarekodi hapa. Miaka ya 1970 mji huu ulikuwa jiko la muziki wa Afrika Mashariki.

Kisha zikaja kaseti. Kaseti ilikuwa rahisi kunakiliwa nyumbani na vibandani, na wizi wa kunakili ukaifilisi biashara ya santuri katika miaka ya 1980. Mitambo ikasimama. Kanda mama, yaani ule utepe wa kwanza uliorekodiwa studio, nyingi zilipotea, ziliharibika, au hakuna ajuaye ziliko. Sahani ndogo zenyewe zilipigwa kwenye baa, kwenye arusi na kwenye vyumba vya kupanga mpaka zikaisha. Ndiyo maana wimbo uliouzwa kwa wingi hapa unaweza leo kubakiwa na nakala chache zinazosikika.

Hapo ndipo kampuni za nje zilipoingia. Mwaka 2013 kampuni ya Soundway ya Uingereza ilitoa mkusanyiko uitwao Kenya Special, nyimbo 32 za miaka ya 1970 na 1980, nyingi zikiwa zimetoka hapo awali kwenye sahani ndogo tu. Pamoja na nyimbo kuna kijitabu chenye maelezo. Tutakirudia kijitabu hicho, kwa sababu kilibadilisha mawazo ya baadhi yetu.

IPI INASIKIKA VIZURI ZAIDI?

Hili ndilo swali la kwanza ambalo kila mtu aliuliza, na jibu lake ni refu kidogo.

Wengi hudhani ya zamani daima ina sauti tamu zaidi, na wengine hudhani mpya daima ni safi zaidi. Fundi wa Luthuli alituuliza maswali matatu badala ya kujibu.

La kwanza: chapa mpya imetolewa kwenye nini? Ikiwa imetolewa kwenye kanda mama iliyohifadhiwa vyema, na mtu anayejua kazi yake, inaweza kuipita ya zamani. Ikiwa kanda mama haipo, kampuni hulazimika kutafuta santuri ya zamani iliyo nzuri kuliko zote, kuinakili kwenye kompyuta, kuondoa mikwaruzo na kuichapa upya. Kazi hiyo ikifanywa kwa uangalifu inapendeza. Ikifanywa kwa pupa, pamoja na mikwaruzo wanaondoa pia ile pumzi ya juu ya sauti, na soprano anaonekana kama anaimba ndani ya blanketi. Kwa hiyo kabla ya kununua chapa mpya, soma nyuma ya jalada uone wameandika chanzo chake. Wakinyamaza kabisa, uliza.

La pili: ya zamani iko katika hali gani? Mkwaruzo wa juu juu hutoa sauti ya mahindi yanayokaangwa, na hiyo huvumilika. Lakini mifereji iliyochimbwa na sindano butu kwa miaka mingi haiponi kwa kuosha. Ukisikia sauti inapasuka kila mwimbaji anapopanda juu, kidonda kiko ndani.

La tatu: wewe unapigia nini? Hapa ndipo tulipocheka wenyewe. Tulikuwa tunabishana juu ya ubora wa chapa huku mkanda wa raba wa gramafoni umelegea na wimbo wote uko nusu sauti chini. Sindano nzuri na mkanda mpya vilibadilisha zaidi kuliko chapa yoyote.

Tulifanya jaribio hapa ukumbini Jumamosi moja baada ya mazoezi. Tuliazima chapa mpya ya nyimbo za zamani kutoka kwa rafiki wa kwaya, tukachagua wimbo ambao pia umo sandukuni, tukapiga mbili hizo bila kusema ipi ni ipi. Watu 22 walisikiliza. Walio wengi waliipenda mpya, kwa sababu walisikia maneno yote na wakaweza kutenganisha sauti ya pili. Saba waliipenda ya zamani. Tulipowauliza kwa nini, mama mmoja alisema gitaa la besi kwenye ile ya zamani lilimgonga kifuani, na kwenye ile mpya alilisikia kwa masikio tu. Wote walikuwa wanasema kweli.

Na uzito wa sahani usiwadanganye. Chapa mpya nyingi zina gramu 180, na wauzaji hulisema hilo kama wanauza nyama. Sahani nzito haipindi haraka, hiyo ni kweli. Lakini uzito hauongezi sauti ambayo haikuwa kwenye chanzo.

KARATASI NA MAJINA

Sisi tuliosomea ualimu tunajua kwamba kitabu si maandishi ya ndani pekee. Jalada, mwaka na jina la mchapishaji navyo vinasema. Santuri ni hivyo hivyo. Kwenye lebo ya sahani ya zamani kuna jina la mtunzi, kampuni na namba. Karibu na lebo, pale ambapo hakuna muziki, kuna namba nyingine zilizochongwa kwenye sahani yenyewe. Namba hizo ndizo humsaidia mtu kujua kama anashika chapa ya kwanza au ya baadaye. Jalada laweza kubadilishwa, mchongo haubadilishwi.

Majina ya watunzi ni jambo zito. Mnajua mabishano ya miaka mingi juu ya nani alitunga Malaika: Fadhili William aliurekodi na kuusambaza, na Adam Salim wa Tanzania naye akadai ni wake, na wako wengine waliotajwa. Mabishano kama hayo yakitokea, mtu hurudi kwenye sahani za kale aone nani aliandikwa wapi na lini. Tukiuza kila sahani ya kwanza na kubaki na za marudio, tumeuza pia ushahidi.

Lakini haki isemwe pande zote. Sahani zetu za Nairobi nyingi hazina maelezo. Hazitaji mpiga gitaa, hazitaji waitikiaji. Kile kijitabu cha Kenya Special kinaeleza habari za bendi ambazo sahani za kwanza hazikuwahi kuzieleza. Mmoja wa vijana wetu alikisoma kwa sauti ukumbini, na wazee wawili waliokuwa wanapinga chapa mpya wakaomba wapewe nacho wakakisome nyumbani. Kwa mwalimu anayetaka kufundisha, mara nyingine chapa ya marudio ina somo kubwa kuliko ya kwanza.

NANI ANALIPWA?

Swali hili liliulizwa na Baba Paroko mwenyewe, nasi tunamshukuru, kwa sababu hakuna mwingine aliyelifikiria.

Ukinunua santuri ya mitumba, pesa zinakwenda kwa muuzaji. Mwanamuziki hapati kitu, wala familia yake. Yeye alilipwa siku ile ya kwanza, kama alilipwa. Ukinunua chapa mpya iliyotolewa kwa haki, kwa mkataba na wenye nyimbo, sehemu ya pesa hurudi kwao. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 inalinda utunzi kwa uhai wote wa mtunzi na miaka 50 baada ya kufa kwake, na rekodi ya sauti kwa miaka 50 tangu mwisho wa mwaka iliporekodiwa. Maana yake ni kwamba hata rekodi ikizeeka na kutoka kwenye ulinzi, utunzi ulio ndani yake waweza kuwa bado una mwenyewe.

Joseph Kamaru, ambaye wazee wetu wanamkumbuka kwa nyimbo za mafumbo na ambaye katika miaka ya 1990 aligeukia nyimbo za injili, alifariki mwaka 2018. Mjukuu wake, naye mwanamuziki anayejulikana kwa jina la KMRU, amekuwa akizitoa upya nyimbo za babu yake. Marudio ya namna hiyo ni ya kuunga mkono kwa moyo wote, kwa sababu nyumba yenyewe ndiyo inayofungua mlango. Lakini zipo chapa nyingine zisizo na mkataba wa mtu yeyote, zinazotengenezwa kwa kunakili tu. Ukiona chapa mpya haitaji kampuni, haitaji mwaka, wala haitaji ruhusa ya yeyote, afadhali uiache. Kwaya inayoimba juu ya haki haifai kujenga maktaba yake kwa mali ya wizi.

Tuseme pia habari ya kurudisha. Mwaka 1950 Hugh Tracey alipita katika nchi ya Wakipsigis akirekodi nyimbo za watu. Rekodi hizo zilikwenda Afrika Kusini, zikasikilizwa na wataalamu wa dunia nzima kwa zaidi ya miaka 60 kabla nakala hazijarudishwa kwa jamii ile. Waliorudishiwa hawakuuliza kama ni chapa ya kwanza au ya pili. Walitaka kuzisikia sauti za wazazi wao.

UTUNZAJI, MAANA VUMBI LA TASSIA TUNALIJUA

Yeyote anayetaka kubaki na santuri za zamani akubali kazi yake. Zisimamishwe wima kama vitabu, zisilazwe moja juu ya nyingine. Zisikae chumba cha juu chini ya mabati, kwa sababu joto huzipinda, na sahani iliyopinda hairudi. Zishikwe ukingoni, vidole visiguse mifereji. Zifutwe kwa kitambaa laini kisichoacha nyuzi, na maji yaliyochujwa kwa mvuke kama yale ya betri ambayo hayajatiwa asidi. Zile za mizunguko 78 zimetengenezwa kwa shelaki, na spiriti huiyeyusha, basi msizipake spiriti kamwe. Zikianguka huvunjika kama sahani ya udongo.

Tena zile 78 zina sindano yake. Mifereji yake ni mipana, na ncha ya sindano yake ina unene wa takriban mara tatu ya ile ya sahani za 33 na 45. Ukizipiga kwa sindano ya kawaida utasikia kelele tupu, na unaziumiza. Na kwa sababu stima za huku zinajulikana, gramafoni isiachwe imechomekwa ukutani usiku.

MBONA TUSISIKILIZE KWENYE SIMU?

Vijana waliuliza hivyo, na hawakuuliza kwa utundu. Jibu letu ni kwamba kwa kujifunza noti, simu inatosha. Mwalimu wetu anatuma sauti kwenye kundi la WhatsApp kila Jumanne, na hatutaki aache. Lakini kilichoko kwenye intaneti leo kinaweza kuondolewa kesho na mtu asiyetujua. Kilicho sandukuni kiko mikononi mwetu. Pia upo usikivu wa pamoja. Tulipopiga Missa Luba ukumbini, watu 30 walinyamaza kwa upande mzima wa sahani. Hatujawahi kuwaona 30 wakinyamaza kwa ajili ya simu.

TULIVYOAMUA

Baada ya hayo yote, kamati ilipiga kura: tisa kwa wanne. Uamuzi ni huu.

Sanduku haliuzwi lote. Sahani za Nairobi ambazo hatujapata chapa ya marudio yake popote zinabaki, hata zile zenye mikwaruzo, kwa sababu zikitoka mikononi mwetu hatutaziona tena. Zenye mwandiko wa marehemu zinabaki. Alikuwa akiandika kwenye mfuko wa karatasi tarehe aliyoinunua na jina la aliyekuwa naye, na hilo hakuna kampuni inayoweza kulichapa upya. Sahani nne ambazo tunazo mbili mbili zitauzwa, kwa idhini ya mama.

Kwa matumizi ya kila siku tutanunua chapa za marudio zenye chanzo kinachojulikana na mkataba wa haki, mbili kila mwaka, kadiri mfuko utakavyoruhusu. Hizo ndizo vijana watakazozishika, kuzipiga na kujifunzia. Missa Luba ya marehemu itapigwa mara mbili kwa mwaka: siku ya msimamizi wa kwaya yetu, na mwezi Novemba tunapowaombea marehemu.

Kuhusu nyimbo za dansi, wapo waliouliza kama ni halali kukaa ndani ya kabati la kanisa. Baba Paroko alijibu kwamba marehemu aliimba Kyrie Jumapili kwa koo lile lile alilomwimbia mke wake Jumamosi. Tukaishia hapo.

Hatutaki kuficha gharama ya uamuzi huu. Tumeiacha ofa ya shilingi 70,000, na kinanda bado hakijanunuliwa. Wanne waliopiga kura ya kupinga walikuwa na hoja ya kweli: kwaya huimba kwa vyombo ilivyo navyo leo. Mmoja wao ni mpiga kinanda wetu, ambaye kila Jumapili anakwepa noti mbili zisizotoa sauti, nanyi hamjui. Basi harambee ya kinanda itafanyika Jumapili ya pili baada ya Jubilei, na tunaomba kila aliyefurahia uamuzi wa santuri aoneshe furaha hiyo mfukoni.

OMBI LA MWISHO

Uchunguzi huu ulituonesha jambo jingine lililo karibu zaidi. Kwaya hii ilirekodi kaseti mbili katika miaka yake ya mwanzo. Humo wamo waanzilishi wote kumi na wanne, na watano kati yao wameshatangulia mbele ya haki. Katika kutafuta kote tumepata nakala moja tu ya kaseti ya kwanza, na utepe wake umeanza kukwama. Ya pili hatujaipata kabisa. Hizo hazina chapa ya marudio. Hakuna kampuni ya Uingereza itakayokuja Tassia kuzitafuta.

Kwa hiyo tunawaomba: angalieni chini ya vitanda, kwenye masanduku ya shule, kwa shangazi kijijini. Ukipata kaseti, usijaribu kuipiga kwenye redio yako ya zamani. Ilete kama ilivyo kwa ofisi ya kwaya, tutaiandika jina lako, fundi atainakili, na utarudishiwa yako pamoja na nakala. Tarehe ya mwisho ni sikukuu ya Mtakatifu Sesilia, Novemba 22. Tukifaulu, zawadi ya Jubilei kwa kila familia itakuwa sauti za waanzilishi wetu, na besi ya mzee wetu ikiwemo.

Tunamshukuru mama mjane kwa moyo wake, Baba Paroko kwa hekima yake, na fundi aliyekataa malipo ya mkanda wa raba. Mungu aibariki kwaya yetu, awapumzishe kwa amani waliotutangulia, na atujalie tuimbe miaka mingine 25.

Tumsifu Yesu Kristo.